Boda boda ilizaliwa Busia, utalii wake usitupite

Kila mwaka watalii huzunguka kwa baiskeli pwani ya Normandy, Ufaransa, mahali yalipotua majeshi ya Uingereza, Marekani na Kanada tarehe 6 Juni 1944. Hupita kwenye makaburi, ngome za saruji na mashamba. Jioni hulala na kula kwa wenyeji. Vijiji vilivyobomolewa kwa mabomu leo vinapata riziki kwa kusimulia yaliyovipata.

Sisi wa Busia na Tororo tuna historia kama hiyo, na tuna baiskeli kuliko wao. Jina boda boda limetoka hapa mpakani. Kati ya kituo cha Kenya na cha Uganda palikuwa na mwendo mrefu kwa mtu mwenye mzigo, na vijana wenye baiskeli wakawa wanaita wateja: boda, boda! Leo neno hilo linatumika hadi nchi zisizoijua Busia.

Keria hiyo ilibeba mengi. Mwaka 1975 baridi kali iliunguza mibuni ya Brazil na bei ya kahawa ikapaa duniani. Mkulima wa Uganda chini ya Idi Amin alilipwa kidogo, kwa shilingi isiyonunua kitu. Kahawa ikavuka usiku kwa magendo, na soko la Chepkube, karibu na Mlima Elgon, likavuma. Mwaka 1977 Jumuiya ya kwanza ikavunjika. Machi 1979, katika vita vilivyomng'oa Amin, wapinzani wake walishambulia Tororo. Disemba 1987 vikosi vya Kenya na Uganda vilirushiana risasi hapahapa Busia, watu wakafa na mpaka ukafungwa. Wengi walioshuhudia hayo wangali hai, lakini wanazidi kupungua kila mwaka.

Mfanyabiashara atauliza: hayo yananihusu nini mimi mwenye kibanda? Yanakuhusu. Tangu kituo cha pamoja cha Busia kizinduliwe Februari 2018, lori halisubiri kama zamani. Hilo tulilipigania na ni jema. Ila lori lisilosubiri halinunui chai, na dereva asiyelala halipi gesti. Mji ulioishi kwa foleni unahitaji mgeni mwingine, anayekuja kwa hiari na kwenda polepole. Mwendesha baiskeli ni mgeni wa namna hiyo. Hawezi kubeba chakula cha siku tatu. Atanunua ndizi, maji na chapati njiani, atahitaji fundi wa pancha, na usiku utamkuta kwetu.

Njia ipo. Mtu anaweza kuanzia ziwani, Sio Port au Majanji, akafika Busia, akapita Adungosi hadi Malaba, akavuka na kumalizia chini ya Mwamba wa Tororo. Mteja wa kwanza si lazima atoke Ulaya. Mkenya na Mganda wanavuka kwa kitambulisho cha taifa tu, na kwa mgeni wa mbali, Kenya, Uganda na Rwanda zilianzisha mwaka 2014 viza moja ya utalii ya siku 90 kwa dola 100.

Wapo watakaosema barabara ya malori si ya baiskeli. Wana haki, ndiyo maana serikali za pande zote mbili zinapaswa kutengeneza njia ya kando kabla ya kuchapisha tangazo lolote. Wengine watasema damu ya watu si bidhaa. Nao wana haki, endapo historia itasimuliwa kwa kelele na vichekesho. Ikisimuliwa na waliofiwa, kwa heshima na kwa ridhaa yao, ni kumbukumbu, na msimulizi anastahili ujira wake.

Hofu yangu ni nyingine. Tukilala, kampuni ya Nairobi au Kampala italeta baiskeli zake, kiongozi wake na chakula chake ndani ya gari, ipite kwetu kama lori, na kutuachia chupa tupu. Vyama vya wafanyabiashara vya pande mbili vikae pamoja sasa. Viorodheshe gesti na mama lishe wa kuaminika, viwatafute wazee waliobeba abiria na kahawa miaka ya sabini wawe viongozi wa safari wanaolipwa, na viwadai maafisa wa forodha utaratibu mmoja ulio wazi wa kuvusha baiskeli ya mgeni bila usumbufu.

Mpaka huu umetupa biashara ya kahawa, sukari na mitumba. Hadithi yake nayo ni mali yetu, na mali isiyo na mwenyewe huchukuliwa na apitaye.