Ushuru wa vitambaa mchanganyiko: Hesabu ya bandarini inayolipwa na mzazi wa Kisii na Nyamira

KILA Januari shule zinapofunguliwa, mafundi wa cherehani wa Daraja Mbili, Suneka, Keroka na Nyansiongo huwa mbioni kushona sare. Kitambaa wanachokata aghalabu huwa mchanganyiko wa polista na pamba, au polista na viskosi, na kingi chake huingia nchini kupitia bandari ya Mombasa.

Mzazi anapolalamikia bei ya kaptura au rinda, lawama humwangukia fundi ama mwenye duka. Ni wachache wanaofahamu kwamba sehemu ya bei hiyo iliamuliwa bandarini, kwa tarakimu nane zilizoandikwa katika stakabadhi ya forodha.

Tarakimu sita za kwanza hutokana na mfumo wa kuainisha bidhaa unaosimamiwa na Shirika la Forodha Duniani, ulioanza kutumika mwaka 1988. Mbili za mwisho huongezwa na Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo imekuwa na viwango vya pamoja vya ushuru tangu Umoja wa Forodha uanze Januari 1, 2005.

Viwango hivyo awali vilikuwa vitatu. Malighafi haikutozwa kitu, bidhaa ambazo bado zahitaji kutengenezwa zilitozwa asilimia 10, na bidhaa kamili asilimia 25. Kando yake palikuwa na orodha ya bidhaa nyeti, ambamo kanga, vikoi na vitenge viliwekewa asilimia 50. Julai 1, 2022, kiwango cha nne cha asilimia 35 kiliongezwa, nguo na vitambaa vikiwa miongoni mwa bidhaa zilizolengwa.

Kwa hivyo, jina la kitambaa ni pesa. Tuchukue mzigo wenye thamani ya Sh100,000. Ukitozwa ushuru wa asilimia 25, kisha VAT ya asilimia 16 inayokokotolewa juu ya thamani pamoja na ushuru, serikali huchukua Sh45,000. Kwa kiwango cha asilimia 35, huchukua Sh56,600. Kwa asilimia 50, ni Sh74,000. Ada nyingine za uagizaji bado hazijahesabiwa.

Je, jina hilo hupatikanaje? Kanuni ya msingi ni kuwa uzi uliozidi mwingine kwa uzito ndio unaokipa kitambaa jina. Kitambaa chenye pamba asilimia 55 na polista asilimia 45 huingia sura ya 52, ambayo ni ya pamba. Chenye polista ya nyuzi fupi asilimia 65 na pamba asilimia 35 huingia sura ya 55. Nyuzi hizo zikilingana nusu kwa nusu, hufuatwa kifungu kinachokuja mwisho kwa nambari, yaani kile cha polista.

Baada ya hapo mizani huingia kazini. Polista iliyochanganywa na pamba huwekwa katika kifungu cha 5513 ikiwa mita moja ya mraba haizidi gramu 170. Ikizidi, huhamia 5514. Pale pamba inapotawala, mpaka ni gramu 200, unaotenganisha kifungu cha 5210 na 5211.

Lipo la kushangaza zaidi. Kitambaa chenye pamba asilimia 40, polista asilimia 30 na viskosi asilimia 30, mtu wa kawaida angekiita cha pamba. Forodha haikiiti hivyo. Polista na viskosi za nyuzi fupi ni za sura moja, hivyo hujumlishwa kwanza na kuishinda pamba kwa 60 dhidi ya 40. Kisha, kwa kuwa hizo mbili zimelingana, kitambaa hupelekwa kifungu cha 5516, cha viskosi na jamii yake.

Hakuna jicho, hata la fundi aliyeshona kwa miaka 30, linaloweza kuyaona hayo kwa kupapasa kitambaa. Huhitajika maabara. Na hapo ndipo mnyonge huumia.

Mfanyabiashara mdogo wa Kisii au Nyamira hana uwezo wa kujaza kontena peke yake. Huchanga na wenzake, na stakabadhi zote huandikwa kwa jina la mtu mmoja. Yeye hupokea marobota yake bila kujua yaliandikwa chini ya kifungu gani. Anayetaja kifungu cha uongo hupunguza ushuru na kuuza kwa bei ya chini, na mwenzake aliyesema kweli hubaki na mzigo dukani.

Udanganyifu huo pia hukiumiza kiwanda cha nyumbani. Kicomi ya Kisumu, ambayo ilikuwa jirani wa Gusii, ilifungwa katika miaka ya 1990. Rivatex ya Eldoret iliporomoka, ikanunuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2007, na kufunguliwa upya mwaka 2019 baada ya kuwekewa mitambo mipya. Kuviokoa viwanda kwa fedha za umma huku kitambaa cha kigeni kikipita kwa jina la kuazima ni kuteka maji kwa pakacha.

Hata hivyo, kupandisha ushuru pekee hakutoshi. Kiwango kinapopanda kabla viwanda vya ndani havijaweza kutosheleza soko, mzazi ndiye anayelipa tofauti, na kishawishi cha kudanganya huongezeka.

Njia ya Isebania nayo ina masharti yake. Kitambaa kilichofumwa Tanzania na kutimiza kanuni za uasili huvuka bila ushuru wa forodha, na mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 waweza kutumia cheti chepesi cha uasili. Lakini kitambaa cha ng'ambo hakigeuki kuwa cha Tanzania kwa sababu tu kimepitia Dar es Salaam.

Sheria ya Forodha ya Jumuiya, ya mwaka 2004, haikumwacha mfanyabiashara mikono mitupu. Yaruhusu kuomba uamuzi wa uainishaji kabla ya mzigo kufika. Asiyeridhika na uamuzi wa forodha ana siku 30 za kuomba upitiwe upya, na akikataliwa, siku 45 za kukata rufaa. Kwa upande mwingine, KRA yaweza kudai ushuru uliopungua hadi miaka mitano nyuma, na muda huo haumlindi aliyefanya ulaghai. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Haki hizo hazina maana kwa asiyezijua. KRA ingefaa kuchapisha kwa Kiswahili chepesi maamuzi yake kuhusu vitambaa vya sare, na idara za biashara za kaunti za Kisii na Nyamira ziyafikishe masokoni. Wauzaji wa jumla nao waandike katika risiti kiasi cha kila uzi na uzito wa kitambaa, badala ya neno moja "kitambaa".

Hayo yakifanyika, fundi wa Keroka atajua anachokata, na mzazi atajua anacholipia. Yasipofanyika, kila Januari bei itaendelea kupanda huku lawama zikimwangukia aliyeketi nyuma ya cherehani.