RISALA YA WATAFITI CHIPUKIZI WA AFYA YA AKILI KWA MGENI RASMI, SIKU YA AFYA YA AKILI DUNIANI, DODOMA, OKTOBA 10

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,


Sisi ni wauguzi, maofisa ustawi wa jamii na wahitimu wa vyuo tunaofanya utafiti wa afya ya akili mikoani. Tunasoma risala hii katika mji ambao Hospitali ya Mirembe imewahudumia wagonjwa wa akili tangu 1927.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mwenzetu mmoja alipita nyumba kwa nyumba na dodoso la PHQ-9, la kupima sonona. Lina maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, na la mwisho linauliza iwapo mtu amewaza kuwa ni heri afe au ajidhuru. Mama mmoja alijibu, "Karibu kila siku." Mwenzetu akabonyeza 3 kwenye kishikwambi, dodoso likafungwa, akaaga. Mafunzo aliyopewa yalikuwa ya siku moja, ya kutumia kishikwambi. Hadi leo humwaza mama yule.

Yanayotuuma ni haya:

Kwanza, kozi fupi nyingi za fani hii hutolewa ng'ambo. Ada ni ya dola au pauni, bado nauli na viza. Muuguzi wa wilayani hazifikii.

Pili, wafadhili hulipia magari, mafuta na posho za kukusanya takwimu, kisha uchambuzi unafanyika kwao. Sisi tunabaki wabeba madodoso.

Tatu, wataalamu husema sonona. Wagonjwa wetu husema "nina mawazo", "moyo unakwenda mbio", "kichwa kinawaka moto". Kuhakiki kama swali lililotafsiriwa linapima kilichokusudiwa ni kazi yenye mbinu zake, na mbinu hizo zinafundishika. Nchini Zimbabwe watafiti walilisikiliza neno la Kishona *kufungisisa*, yaani kuwaza kupita kiasi, wakatunga dodoso kwa lugha ya wagonjwa wenyewe. Dodoso hilo ndilo lililopima manufaa ya Benchi la Urafiki, ambapo kina bibi waliofundishwa huwasikiliza wenye dhiki.

Nne, Kanuni ya Adhabu inahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa. Anayeulizwa kuhusu kujiua huogopa polisi, na anayeuliza hajafundishwa namna ya kuitunza siri yake.

Kwa hiyo tunadai:

1. Kila mradi wa utafiti wa afya ya akili utenge angalau asilimia 5 ya bajeti kwa kozi fupi za watafiti wa hapa nchini, na kamati za maadili zilione fungu hilo kabla ya kutoa kibali.

2. Serikali igharamie kozi za wiki mbili, mara mbili kwa mwaka, katika vyuo vyetu na kwa Kiswahili: kutunga na kuhakiki madodoso, mahojiano, uchambuzi wa takwimu na uandishi wa makala.

3. Nusu ya nafasi wapewe watumishi wa wilayani, kwa ruhusa ya mwajiri, mshahara ukiendelea, nauli na malazi vikilipwa.

4. Asitumwe mtu kuuliza swali la kujiua kabla hajafundishwa la kufanya akijibiwa ndiyo, na kabla hajajua mgonjwa atapelekwa wapi siku hiyohiyo.

5. Watu waliougua wawe miongoni mwa wakufunzi, na walipwe kama wakufunzi wengine.

Tunaomba majibu ya maandishi kabla bajeti ya Serikali haijasomwa mwezi Juni.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, dodoso lile humtaka mgonjwa atueleze wiki zake mbili. Nasi tunaomba wiki mbili za kujifunza kumsikiliza, ili siku nyingine mama kama yule akijibu, asiachwe peke yake mlangoni.

Tunaomba kuwasilisha.