Mgeni wa siku moja na somo la Ndia Kuu

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii tumeikariri tangu shule ya msingi, tukaitungia sentensi na hata insha, lakini ni nadra kujiuliza mwenyeji huyo anaponywa maradhi gani. Mimi nilipata jibu mjini Mombasa, siku moja niliyoshinda na jamaa waliokuja kwa meli ya kitalii, wakashuka bandarini Kilindini asubuhi na kuondoka kabla ya jua kuchwa.

Walikuwa watu wanne: baba, mama na watoto wawili. Baba ni rafiki yangu wa miaka mingi, Mjerumani aliyejifunza Kiswahili chuoni kwao. Aliniandikia kwamba meli yao ingetia nanga Mombasa kuanzia asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, akaniomba niwe nao. Nikafunga safari kutoka Nairobi.

Mgeni wa meli, msomaji, si sawa na mgeni wa hoteli. Mgeni wa hoteli akikosa jambo leo atalipata kesho. Mgeni wa meli hana kesho. Saa zile chache ndizo Kenya yake yote; atakachokiona na kukisikia baina ya ngazi ya meli na lango la Ngome ya Yesu ndicho atakachokwenda kuwasimulia watu wa kwao maisha yake yote. Kwa hiyo tunachomtilia mkononi siku hiyo moja si kitu kidogo.

Binti yao, mwenye umri wa miaka kumi na miwili, alikuwa na daftari dogo. Njiani baharini baba yake alikuwa amemfundisha maneno machache: maji, nyumba, mama, njia. Tangu tulipotoka bandarini alisikia neno moja likirudiwa na kila aliyetupita: madereva wa teksi, wauza vinyago, hata askari wa lango. "Jambo! Jambo!" Akaliandika, akaniuliza ndivyo tunavyoamkiana nyumbani.

Nilisita. Mwanafunzi yeyote wa kidato cha kwanza anajua kwamba hatuamkiani hivyo. Tunasema "hujambo?" na jibu ni "sijambo". Katika "hujambo" mna kikanushi: mtu anaulizwa kama hana jambo, yaani hana lililomsibu. Ukikiondoa kikanushi kile, umembakishia mgeni jambo lenyewe bila kumwondolea! Hata hivyo, sikutaka kumlaumu mtu. Lugha zote za bandarini hupunguza viambishi ili watu wasiojuana waelewane upesi. Wimbo "Jambo Bwana" wa bendi ya Them Mushrooms, iliyoanzia huko huko Mombasa, ulitoka mwaka 1982 na kulipeleka neno hilo mbali kuliko kitabu chochote cha sarufi. Anayeuza kinyago kwa watu wa mataifa kumi kwa siku moja hana wasaa wa kufundisha ngeli. "Jambo" ni sarafu ya sokoni, na sarafu haina kosa. Kosa, kama lipo, ni pale mwenyeji anapokuwa hana kingine mfukoni.

Tulipata kijana wa kututembeza. Alikuwa mwongoza watalii hodari. Alizungumza Kiingereza safi na Kijerumani cha kutosha kuwachekesha watoto. Pale ngomeni alitupa tarehe zote bila kutazama karatasi: Vasco da Gama kufika Mombasa mwaka 1498, Wareno kuanza kujenga ngome mwaka 1593 kwa ramani ya Mwitaliano Cairati, Waomani kuizingira tangu 1696 na kuitwaa 1698, Waingereza kuigeuza gereza hadi 1958, UNESCO kuitambua kuwa urithi wa dunia mwaka 2011. Nilimsikiliza kwa fahari. Nikasema moyoni, huyu amefunzwa akafunzika.

Kutoka ngomeni tukaingia Mji wa Kale, na hapo ndipo yaliponikuta. Binti alisimama mbele ya kibao cha barabara, akatazama daftari lake, akatazama kibao tena. Kilisomeka: Ndia Kuu. Akamuuliza kijana yule: mbona baba amenifundisha "njia", na hapa pameandikwa "ndia"?

Kijana hakusita. Alijibu kwamba aliyeandika kibao alikosea tahajia.

Rafiki yangu alinitazama. Nami nikatazama chini.

Hatukwenda hatua nyingi tukamkuta bibi mmoja ameketi barazani kwake akiuza viazi karai. Binti, kwa adabu, akamwamkia, "Jambo!" Bibi akacheka, akasema: "Sema sabalkheri, mwanangu." Binti akaisema. Bibi akafurahi, akasogea kwenye baraza na kumwambia: "Ndoo uketi."

Rafiki yangu, mwenye Kiswahili chake cha kamusi, aligeuka huku na huku akitafuta ndoo. Kijana wetu akaangua kicheko. "Anamwambia njoo ukae," akamfafanulia. Hakuhitaji kufikiri hata kidogo.

Nilimwita kando, nikamuuliza: "Kama 'ndoo' ni 'njoo', 'ndia' je?"

Alinyamaza kitambo. Kisha akasema, kwa sauti ya chini: "Ndia ni njia, mwalimu. Nyanya yangu husema hivyo kila siku. Lakini shuleni tulikuwa tukiandika hivyo tunakatwa alama. Mwalimu alituambia hicho si Kiswahili."

Hayo ndiyo maradhi niliyoyataja. Kijana yule hakuwa mjinga wa lugha ya mji wake. Aliinyonya pamoja na maziwa. Alikijua Kijerumani, akazijua tarehe za Wareno na Waomani, na Kimvita kilikuwamo sikioni mwake. Kilichokosekana ni heshima. Alikuwa amefunzwa kwamba kile anachokisema nyanya yake ni takataka, na hapana mwenyeji anayemwonyesha mgeni takataka za nyumbani. Kwa hiyo mgeni alipouliza swali bora kuliko yote ya siku ile, jibu lilikuwapo na halikutolewa.

Nisijifanye mtakatifu. Kabla ya kwenda kusomea shahada za juu nilifundisha shule ya upili huko Bara. Mwanafunzi mmoja kutoka Pwani aliandika katika insha yake kwamba "mato yalimjaa matozi". Nilizungushia "mato" duara jekundu, nikaandika pembeni: Kosa! Sikumuuliza kitu. Ni miaka baadaye, nilipokaa kusoma fonolojia ya lahaja za kaskazini, ndipo nilipotambua kwamba mtoto yule alikuwa akifuata kanuni nisiyoijua. Mahali pengi ambapo Kiunguja kina "ch", Kimvita kina "t" inayotamkwa menoni: macho ni mato, kucheka ni kuteka, mchanga ni mtanga. Mahali pengi penye "nj", Kimvita kina "nd": njaa ni ndaa, njia ni ndia, njoo ni ndoo. Mtu anayekosea hakosei kwa utaratibu namna hiyo. Huo ni mfumo wa sauti, wenye sheria zake, uliorithiwa kutoka shina lile lile lililozaa Kiunguja. Wala Kimvita hakikuwa pungufu: hutofautisha kwa pumzi "paa" la nyumba na "p'aa" wa porini, tofauti ambayo maandishi yetu sanifu hayaionyeshi.

Historia nayo inatukumbusha kwamba mambo yangaliweza kuwa vingine. Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, aliikusanya kamusi yake kubwa, iliyochapishwa 1882, kwa kuegemea Kiswahili cha mji huo. Steere naye alikuwa Unguja, akajenga kazi yake juu ya Kiunguja. Ulipoitishwa mkutano mwaka 1928 kuamua ni lahaja ipi iwe msingi wa Kiswahili sanifu, Kiunguja ndicho kilichochaguliwa, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya kusimamia usanifishaji. Mkutano huo wa 1928 ulifanyika wapi? Mombasa. Kimvita kilitiwa kando kikiwa nyumbani kwake.

Siulalamikii uamuzi huo. Najua kuna mwalimu atakayeniuliza: je, kila mtoto akiandika lahaja yake, mtihani utasahihishwa na nani? Swali hilo ni la haki. Kiswahili sanifu ndicho kinachomwezesha mtoto wa Turkana na mtoto wa Kwale kusoma kitabu kimoja na kushindana kwa usawa. Mimi mwenyewe nala kwa jasho la Kiswahili sanifu. Mwanafunzi sharti akijue, akiandike barabara, na atahiniwe kwacho. Lakini kumfundisha mtu kuvaa suti ya kazini hakutulazimu kuchoma kikoi chake cha nyumbani.

Tena tazameni kinyume tunachokitenda madarasani. Katika fasihi twawafunza wanafunzi uhuru wa mshairi: inkisari, mazida, tabdila, kuboronga sarufi na, naam, matumizi ya lahaja. Twawapa beti za Muyaka bin Haji, malenga wa Mvita, au mashairi ya "Sauti ya Dhiki" ambayo Abdilatif Abdalla aliyaandika gerezani na yakachapishwa mwaka 1973. Mwanafunzi akikuta "ndia" humo, twamwambia aandike: mshairi ametumia uhuru wake. Uhuru gani? Mtu wa Mvita akisema "ndia" hajavunja sheria yoyote ili aombe ruhusa; amesema lugha ya mama yake. Halafu mwanafunzi yule yule, akitoka kipindi cha fasihi na kuingia cha insha, akaandika "ndia", anakatwa alama. Asubuhi neno ni pambo, alasiri ni kosa. Mtoto ataelewa nini ila kwamba lugha ya kwao ni halali kwa wafu na wakubwa tu, si kwake?

Watu kama marehemu Shihabuddin Chiraghdin, mwalimu wa Mombasa, na marehemu Sheikh Ahmed Nabhany, aliyetupa neno "runinga", waliutumia umri wao kutuonyesha kwamba lahaja ni ghala ambalo Kiswahili sanifu huchotea. Katiba ya mwaka 2010 nayo, katika kifungu cha 7, inaitaka dola ikuze na kulinda anuwai ya lugha za Wakenya. Tangu 2021, UNESCO imeitenga tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Kila mwaka twaiadhimisha kwa hotuba na ngoma. Lakini adhimisho lisilofika kwenye kalamu nyekundu ya mwalimu halijafika mahali.

Nifanyeje basi, atauliza mwalimu wa Kisauni au wa Likoni. Nina mapendekezo machache, na hayahitaji fedha za serikali. Kwanza, tuache kuandika "kosa" pembeni ya neno la lahaja. Tuandike: "Kimvita, sanifu ni njia." Alama itakuwa ile ile tutakayoona inafaa, lakini mtoto atajua amekwenda wapi na ametoka wapi. Pili, tuwatume wanafunzi kwa nyanya na babu zao wakakusanye maneno na majina ya mitaa. Kilindini ni wapi kama si penye kilindi, maji marefu yanayoiwezesha meli kubwa kutia nanga? Jina lenyewe ni somo la jiografia, na hatulisomi. Tatu, wanaowafunza waongoza watalii wawafunze pia lugha ya mji wanaoutembeza. Tarehe za ngome zimo katika kila kijitabu ambacho mgeni amekisoma melini kabla ya kushuka. Ndia Kuu haimo.

Kuna watakaosema kwamba watalii huja kwa ajili ya jua na bahari, wala hawana haja na fonolojia. Huenda wengi wako hivyo. Lakini swali la siku ile halikuulizwa na profesa. Liliulizwa na mtoto wa miaka kumi na miwili, kwa kuwa alikuwa na macho ya kusoma kibao.

Saa kumi tuliwarudisha bandarini. Kabla hatujaagana, kijana wetu aliomba daftari la binti. Akatafuta ukurasa wenye "njia", akaandika chini yake kwa herufi kubwa NDIA, na pembeni NDOO. Akamwambia, kwa Kijerumani chake, kwamba hivi ndivyo nyanya yake anavyosema, na kwamba kile kibao hakikukosewa. Yeye ndiye aliyekosea. Kisha akamrudishia kalamu.

Sijui aliwaambia nini wageni wa meli iliyofuata. Mimi nilirudi Nairobi nikiwa na rundo la karatasi za kusahihisha, na kalamu nyekundu mfukoni.