Kiswahili Kilibebwa Mabegani

Siku moja, kwenye chumba cha habari Dar es Salaam, mwenzangu aliniambia mbele za watu: "Nyie wa bara Kiswahili mmeazima tu, kina wenyewe." Watu wakacheka. Mimi ni mtoto wa Tabora, nikacheka nao. Leo sicheki.

Jamani, sibishi kwamba lugha hii ilizaliwa pwani. Derek Nurse na Thomas Spear walishalieleza hilo mwaka 1985: ni lugha ya Kibantu, na watu wa pwani wenyewe ndio walioikuza. Ninachokataa ni hadithi kwamba ilikuja bara kama zawadi, na sisi kazi yetu ikawa kupokea.

Ndiyo maana nakushauri, msomaji, utafute Carriers of Culture cha Stephen Rockel, kilichotoka mwaka 2006. Si kitabu cha isimu. Kinahusu wapagazi wa karne ya 19, hasa Wanyamwezi, kwenye njia ya Bagamoyo, Tabora hadi Ujiji, kilomita 1,200 hivi. Hoja yake ni kwamba hawa hawakuwa watumwa. Walikuwa wafanyakazi wa ujira, wenye taratibu na heshima yao, na wakidhulumiwa waligoma. Nilipokifunga nikajiuliza: jioni kambini, Mnyamwezi na mtu wa pwani walidaiana, waligombana na kutaniana kwa lugha gani?

Hebu sikiliza maneno yenyewe. Hongo ilikuwa ushuru aliolipwa mtemi ili msafara upite. Posho ilikuwa chakula cha mpagazi, au kitambaa cha kubadilishana na chakula. Kirangozi, yaani kiongozi, alitangulia mbele na bendera. Leo hongo, posho na kiongozi ndizo habari zetu za ukurasa wa kwanza! Maneno hayo yalitembea miezi na miezi chini ya mizigo ya kilo 30 hivi, midomoni mwa watu wa bara. Na mtu habadilishi alichoazima. Hubadilisha kilicho chake.

Halafu angalia tunachokienzi. Kwihara, nje kidogo ya mji wetu, tumehifadhi tembe alimokaa Livingstone mwaka 1872. Sawa, lihifadhiwe. Lakini habari za waliobeba mizigo ziko kwenye kitabu cha Kiingereza, ambacho mama yangu, Mnyamwezi, hawezi kukisoma. Aibu ni hiyo, si lafudhi yangu.

Wachapishaji wetu, kitafsirini. Nakala ya kwanza nanunua mimi, nampelekea mama.