TELEFONE HAIFUNDISHI MTOTO KUSEMA

Wengi wetu wanafunzi tukiachiwa mtoto nyumbani tunamupa telefone aangalie video, tukisema: "Atajua Kifaransa mapema." Hapana! Mwaka 2003, huko Seattle, Marekani, Bibi Patricia Kuhl na wenzake walipima watoto wa miezi 9. Wale waliocheza na mtu akiwasemesha Kichina, masikio yao yalishika sauti za luga ile. Wale walioiona katika video tu, hawakushika kitu. Kwa nini? Video haingojei mtoto ajibu, wala haifuati macho yake. Basi tukiosha sahani, tumusemeshe: "Hii sahani, haya maji." Akisema "ba", tumujibu. Wazazi wakiwa shambani ao sokoni, kalasi yake ya kwanza ni kinywa chetu.