Bibi Sio Chanzo, Ila Ripoti Yenu Ni Chanzo?



Tangu tuanze kufundishana kuandika Wikipedia ya Kiswahili, simu zetu hazipumziki. Kila jioni, watu wakishatoka kwenye foleni ya maji, maswali ni yaleyale. Mbona makala yangu imefutwa? Nani kasema kijiji changu hakina umuhimu? Tunalipwa? Tuandike lugha gani? Basi leo tunajibu yote hapa, mara moja. Ila tunaonya mapema: majibu mengine yatawauma vijana, na mengine yatawauma wenye vesti. Na sisi tunavaa vesti za kujitolea, kwa hiyo tunajiuma wenyewe pia.

Swali la kwanza: kwani hii Wikipedia ni ya nani, na posho yake shilingi ngapi?

Sio ya serikali. Sio ya shirika la misaada. Ilianza mwaka 2001, na ya Kiswahili ikaanza 2003. Inaendeshwa na taasisi isiyotafuta faida iliyoko Marekani, Wikimedia Foundation, kwa michango ya watu. Maandishi yenyewe yanaandikwa na watu wa kujitolea, mmoja mmoja, kila mtu na simu yake. Posho hakuna. Soda hakuna. Mwaka 2009 Google waliandaa mashindano ya kuandika makala za Kiswahili, wanafunzi wa Kenya na Tanzania wakashindania zawadi. Makala ziliongezeka, lakini zawadi zilipokwisha, si wengi walioendelea. Tunalisema hili kwa sababu hapa kambini tumezoea kuuliza kwanza karatasi ya kusaini iko wapi. Hii kazi haina karatasi ya kusaini. Asiyeitaka asijilazimishe.

Swali la pili: mbona makala yangu imefutwa?

Jamani, tuseme ukweli. Mmoja wetu aliandika kwamba kijiji chake ni kizuri kuliko vyote na watu wake ni wakarimu hakuna mfano. Hiyo ni barua ya mapenzi, sio kamusi elezo. Mwingine alichukua aya nzima kwenye tovuti ya shirika moja akazibandika. Alipoulizwa akasema, "Lakini habari si ni zetu?" Habari ni zetu, ndiyo, lakini maneno ni ya aliyeyaandika. Kila unachoandika Wikipedia unakitoa kwa leseni huria, mtu yeyote akitumie. Sasa utagawaje sadaka mali ya mwenzio? Wa tatu aliipa mashine imtafsirie kutoka Kiingereza, akapandisha bila kusoma. Kiswahili kilichotoka, hata yeye mwenyewe hakukielewa. Zote tatu zilifutwa, na zilistahili kufutwa.

Ukifutiwa, usitukane. Angalia sababu iliyoandikwa, nenda ukurasa wa majadiliano, uliza kwa adabu. Wale wanaofuta wanaitwa wakabidhi, nao ni watu wa kujitolea kama wewe, tena wachache. Anza na makala fupi, ile inayoitwa mbegu: mahali ni wapi, wilaya gani, jambo gani linajulikana, na limeandikwa wapi. Mistari mitano yenye ushahidi inadumu kuliko kurasa tano za sifa.

Swali la tatu ndilo lililotufanya tuandike leo: chanzo.

Mwenzetu mmoja alitaka kuandika habari za Kionga, kule karibu na mdomo wa mto Ruvuma. Akatafuta kwenye intaneti. Akakuta Wajerumani waliichukua mwaka 1894. Akakuta Wareno waliirudisha Aprili 1916, wakati wa vita kuu, na mkataba wa Versailles wa 1919 ukawathibitishia. Akakuta hata stempu za barua: Wareno walitoa stempu zenye jina la Kionga mwaka 1916, na mpaka leo wapo watu wanaozikusanya. Bendera mbili, mkataba mmoja, na stempu. Hiyo ndiyo Kionga ya kwenye mtandao. Mtu hata mmoja hayumo.

Bibi yake ni mzaliwa wa hukohuko. Anajua visima vilipo, makaburi ya nani yako wapi, majina ya mitaa kabla ya vijiji kukusanywa, nani alivuka Ruvuma wakati wa vita gani na nani hakurudi. Kijana akayaandika. Akaambiwa: leta chanzo. Akajibu: chanzo ni bibi. Akaambiwa: bibi sio chanzo.

Tulikasirika sote. Ila tulipotulia tukajiuliza, je, hii kanuni ni mbaya kweli?

Sisi ndio watu wa mwisho duniani wa kudharau ushahidi. Tunajua uvumi unafanya nini. Mtu mmoja anasema usiku "wameonekana", na kabla hujavaa ndala kambi nzima iko porini, watoto wamepotezana na mama zao. Asubuhi inajulikana alikuwa mwizi wa mbuzi. Kama kila neno linalopita kwenye simu lingeingia kwenye kamusi elezo bila kuulizwa limetoka wapi, nyumba yetu ingebomoka kabla ya kupauliwa. Tazameni Mueda, tarehe 16 Juni 1960. Historia rasmi inasema Wareno waliua mamia ya watu siku ile. Wako watafiti waliokuja baadaye wakaandika idadi ndogo sana. Kamusi elezo haikuchagulii upande. Inakutaka uandike nani kasema nini, na kasema wapi. Hilo tunalikubali, tena tunalitetea.

Kinachotuuma ni kitu kingine.

Bibi huyohuyo alihojiwa. Walikuja na daftari na kinasa sauti, wakakaa naye kwenye mkeka tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Alisema yote. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wageni wamekuja wengi sana, na bibi bado anangoja kupona. Maneno yake yaliingia kwenye ripoti. Ripoti ikichapishwa, maneno yaleyale yanakuwa chanzo, ila kwa jina la aliyeuliza. Isipochapishwa, yanalala kwenye kompyuta ya ofisi. Kwa hiyo neno la bibi likitoka mdomoni mwake ni hadithi, likipita kwa mgeni ni ushahidi. Hapo ndipo tunaposema hapana.

Wala sio sisi wa kwanza kulisema. Mwaka 2011 Achal Prabhala wa India na wenzake walirekodi watu huko India na Afrika Kusini wakieleza mambo wanayoyajua na ambayo hayakuwa vitabuni, wakajaribu kuzitumia rekodi hizo kama vyanzo. Walionyesha kwamba inawezekana. Kanuni kubwa haikubadilika. Lakini swali walilouliza bado lipo: kama nchi fulani ina vitabu vichache, je, watu wake nao wanajua machache?

Na msituambie tusubiri magazeti. Ibraimo Mbaruco alikuwa mtangazaji wa redio ya jamii hapahapa Palma. Tarehe 7 Aprili 2020 alimtumia mwenzake ujumbe kwamba amezungukwa na wanajeshi. Tangu siku hiyo hajaonekana. Amade Abubacar, naye mwandishi wa habari, alikamatwa Macomia mwezi Januari 2019 wakati akifuatilia habari za waliokimbia, akaachiwa Aprili. Mtu akikaa Lisboa au London akasema Palma haina vyanzo, aulize kwanza waliokuwa wakivitengeneza wako wapi.

Sasa nyinyi wa mashirika. Tuna maombi matatu, na tunayaita maombi kwa sababu ya heshima tu.

La kwanza: mnayoyachukua kwetu yachapisheni mahali pa wazi, kwa leseni huria, yakiwa na tarehe na jina la mahali. Muhtasari wa kurasa mbili kwa Kireno na Kiswahili unatosha. Tunajua mtajibu kwamba mnaficha kwa usalama wetu. Majina ya watu, ndiyo, ficheni, na tutawashukuru. Mahali watu wanapolala, ficheni. Lakini jina la kijiji lina maana gani, kisima kilichimbwa mwaka gani, shule ilianza lini, kimbunga Kenneth cha tarehe 25 Aprili 2019 kilibomoa nini, hayo yana hatari gani? Usalama usigeuzwe kufuli la kila sanduku.

La pili: msituombe tuandike makala za kuwasifu. Wameshatujia wawili watatu: "Nyinyi vijana mnajua Wikipedia, tuandikieni kuhusu mradi wetu." Hapana. Mtu hajiandikii sifa zake, wala hamtumi anayemlisha amwandikie. Na ukilipwa kuandika, masharti ya Wikimedia tangu 2014 yanakutaka utangaze nani amekulipa. Hilo mkilifanya kimyakimya, atakayefungiwa akaunti ni kijana, sio meneja wa mradi.

La tatu ni dogo lakini limeharibu mafunzo mengi. Mnakusanya vijana 20, mnawaunganisha kwenye intaneti moja, mnawaambia wafungue akaunti. Akaunti sita za kwanza zinafunguka, ya saba inakataa. Sio hitilafu. Mtandao mmoja unaruhusiwa kufungua akaunti sita kwa siku, kuzuia wahuni. Ombeni ruhusa mapema, au kila mtu afungue kwake siku ya kabla. Vilevile, makampuni ya simu Afrika hugawa anwani moja ya mtandao kwa wateja wengi, kwa hiyo mhuni mmoja akifungiwa, unakuta na wewe umefungiwa, hata hujaandika neno. Wahariri wa Afrika wamelilalamikia hili miaka mingi. Ukikuta ujumbe huo usijione mkosaji. Usome, kisha omba kufunguliwa kama ulivyoelekezwa. Kukimbilia VPN hakusaidii, nazo hufungiwa.

Swali la nne: nitumie jina langu halisi?

Usitumie. Chagua jina lisilohusiana na wewe, wala kijiji chako, wala simu yako. Kila unachohariri kinabaki kwenye historia ya ukurasa, na mtu yeyote anaweza kukisoma baada ya miaka kumi. Usiandike wanajeshi wamepita wapi, nani anakaa wapi, nani anasemekana alikuwa na mashababi. Kwanza huna chanzo, pili utamuua mtu. Usipandishe picha ya sura ya mtu kambini. Piga msikiti, mtumbwi, mnazi, soko. Kamusi elezo sio gazeti la leo. Haina haraka, na wewe usiwe na haraka.

Swali la tano: lugha gani?

Anayejua Kireno vizuri na aandike Kireno, kule wasomaji ni wengi. Ajue tu kwamba tangu 2020 huwezi kuhariri makala za Kireno bila akaunti. Sisi tumechagua Kiswahili kwa sababu bibi akisomewa anaelewa na anasahihisha papo hapo, na ndugu zetu waliovuka kwenda Mtwara wanakisoma. Wengine wanaona aya kwamba Kiswahili chetu sio cha Dar. Kwani nani kasema kiwe cha Dar? Andika, watakaokuja watanyoosha. Na Kimwani na Kimakwe je? Ipo sehemu iitwayo Incubator, ambako lugha isiyo na Wikipedia yake inalelewa mpaka iweze kusimama. Inataka watu wachache wasiochoka. Kama mpo, tujuane.

Tumalizie hapa. Ukitafuta Palma kwa Kiingereza, unaletewa tarehe 24 Machi 2021. Shambulio lina makala yake, ndefu, kila risasi ina tanbihi. Hatusemi lifutwe. Siku ile tuliiona kwa macho yetu, na wengine wetu tuliondoka kwa bahari bila kujua nani amebaki. Lakini Palma haikuzaliwa siku ile. Ghuba hii ya Tungi iligombewa na Sultani wa Zanzibar na Wareno mpaka Wareno walipoichukua mwaka 1887. Kabla ya hapo watu walikuwepo, walivua, walisali, walioana, walidaiana. Tukinyamaza, mtoto anayezaliwa leo kambini atakuja kujisoma kama mkimbizi tu, mtu asiye na jana.

Kwa hiyo wiki hii kila mmoja wetu afanye mambo mawili. Aandike mbegu moja, yenye chanzo kimoja cha kweli. Halafu akae na mzee mmoja, amwombe ruhusa, amrekodi, aandike tarehe na mahali, aihifadhi rekodi vizuri. Leo rekodi hiyo inaweza kukataliwa. Ihifadhi hivyohivyo. Kanuni zimeandikwa na watu, na watu hubadilika wakibanwa. Mzee akishakwenda, hakuna wa kumbana.

Na wewe mwenye vesti uliyesoma mpaka hapa: ile ripoti ya mwaka jana iko wapi? Tunaisubiri hapa chini kwenye maoni.