Foto ya kuunganisha isifiche mushono wake



Wengi wenu mumeiona foto ya wafinalisti iliyobandikwa karibu na mulango wa biro ya prefe. Wengine wametusifu, wengine wametucheka. Wametuuliza: «Juu ya nini wale wane mumewatia chini, ndani ya visanduku, kama tembre za barua? Hamukujua kuwaingiza katikati ya wengine?» Tulijua. Ndiyo sababu tunapenda kueleza hapa kwa nini hatukufanya vile.

Jambo lilianza hivi. Siku mupiga foto alipokuja, darasa lilikuwa na watu 31 ndani ya daftari, lakini mbele yake tulisimama 27. Wenzetu wane walikuwa wamerudishwa nyumbani asubuhi ile ile kwa ajili ya deni la feza za masomo. (Wao wenyewe wameturuhusu kulisema.) Mupiga foto hangoji mutu. Alipiga, akapokea feza zake, akaenda. Kiisha wale wane walirudi, wakaona foto, na mumoja wao akasema neno moja tu: «Basi sisi hatukusomaka hapa?»

Neno lile lilituuma. Sisi wa kamati ya gazeti tukasema: tutawaingiza kwa ordinatere.

Tuseme kweli, hakuna mumoja kati yetu aliyejua ile kazi. Tulitumia programu GIMP, ambayo hailipishwi. Ilianzishwa mwaka 1995 na wanafunzi wawili wa chuo kikuu cha Berkeley kule Marekani, Spencer Kimball na Peter Mattis. Kusikia kwamba ilianza kama kazi ya wanafunzi kulitupa moyo.

Yeye anayeanza ajue kwanza neno moja: matabaka. Uwazie karatasi za plastiki zinazopitisha mwanga, umezilaza moja juu ya ingine. Ya chini ina foto ya darasa, ya juu yake ina mutu mumoja aliyekatwa. Ukisogeza ya juu, ya chini haiguswi. Sisi siku ya kwanza hatukujua. Tulibandika vyote juu ya tabaka moja, na kichwa cha mwenzetu kilipotokea kikubwa kama boga, hakukuwa tena njia ya kukirudisha. Siku ya pili tulijua matabaka, lakini tulihifadhi kazi kama JPEG, na JPEG inayagandamiza yote kuwa moja. Kazi ambayo haijaisha inahifadhiwa kama XCF. JPEG ao PNG ni ya mwisho, wakati wa kutoa. Siku ya tatu kurante ilikatika mbele ya kuhifadhi. Hapo hatuna fundisho, ila hili: hifadhi kila dakika tano.

Kiisha kukata. Usimufute mutu kwa kifutio, kwa maana ukikosea umemupoteza. Weka kifuniko juu ya tabaka lake: ukipaka rangi nyeusi, sehemu ile inafichwa, ukipaka nyeupe, inarudi. Kupunguza ukubwa, funga ule munyororo mudogo ulio kati ya urefu na upana, kama sivyo mwenzako atakonda kwa saa moja kuliko mugonjwa wa mwaka muzima. Angalia vilevile jua linatoka wapi. Katika foto ya darasa lilitoka kushoto. Foto ya mumoja wa wale wane ilipigwa ndani ya nyumba, mwanga ukitoka kuume. Hata ukikata vizuri namna gani, jicho linakataa. Na mutu asiye na kivuli anaelea. Neno la mwisho: omba foto yenyewe kutoka simu iliyoipiga, usichukue ile iliyopita kwa WhatsApp, maana njiani inapunguzwa. Kwa kuchapa vizuri ukurasa wa A4, watu wa kazi wanahesabu piksele 2480 kwa 3508.

Kidogo kidogo tukaweza. Juma la tatu tulimuingiza dada mumoja katika mustari wa pili, na kivuli chake, na jua lake. Mushono haukuonekana. Tulifurahi sana, tukabeba foto mpaka kwa mama yake sokoni. Mama aliangalia, akacheka, kiisha akanyamaza. Akasema: «Iko muzuri, batoto yangu. Lakini ile siku mutoto alikuwa kwangu. Tulikuwa tunachambua maharagi.»

Tulirudi njia nzima bila kusema mengi. Mama hakutugombeza, lakini alikuwa ameona jambo ambalo sisi hatukuliona: foto yetu nzuri ilisema uongo. Ulikuwa uongo wa mapendo, ndiyo, lakini uongo. Ilisema kwamba siku ile wote walikuwapo na hakuna aliyekosa kitu. Yule dada alitolewa mara ya kwanza kwa deni. Sasa tulikuwa tunafuta hata alama ya kutolewa kwake.

Mambo haya hayakuanza na ordinatere. Kuna foto ya Stalin akitembea kando ya mufereji wa Moscow, na Nikolai Yezhov, aliyekuwa mukubwa wa polisi ya siri, yuko karibu naye. Yezhov aliuawa mwaka 1940. Foto ile ilitengenezwa tena, na mahali pake mukaonekana maji tu. Wao walimutoa mutu, sisi tulimutia. Nia si moja, tunajua. Lakini ni kazi ya mukono ule ule, na mukono uliozoea kuficha mushono kwa wema utajua kuuficha hata kwa ubaya.

Tuna mufano mwingine hapa kwetu Kongo. Sammy Baloji, aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1978, alitengeneza foto za kuunganisha alizoziita Mémoire, za mwaka 2006. Alichukua wafanyakazi kutoka foto za zamani za wakati wa Wabelgiji, akawasimamisha mbele ya viwanda vya Gécamines vilivyochakaa, ambavyo alivipiga foto mwenyewe. Watu hawana rangi, mahali pana rangi. Hakuna anayedanganyika. Kila mutu anaona pale nyakati mbili zilipounganishwa, na pale pale ndipo foto inaposema.

Basi tukafanya jambo ambalo tungepaswa kulifanya kwanza: tuliwauliza wale wane wenyewe. Walikubali wawekwe chini ya wengine, kila mumoja ndani ya kisanduku chake, na tarehe ya foto yake. Tuliandika: «Foto imeunganishwa. Wane hawa ni wa darasa letu; siku ya foto hawakuwapo.» Yule aliyeuliza kama hawakusomaka hapa, yeye ndiye aliyechagua maneno «ni wa darasa letu».

Mutu atasema: «Muko wakali bure, ni ukumbusho tu.» Tunajibu: ukimuweka rafiki yako juu ya mwezi, cheka sana, hakuna anayedanganywa. Lakini foto ya darasa ni kama daftari. Watoto wetu wataiangalia na kuhesabu watu.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu. Kwenu wandugu wanafunzi: jifunzeni kazi hii, si ngumu kama inavyoonekana, lakini mukiunganisha foto inayoweza kuaminiwa, andikeni chini kwamba imeunganishwa. Kwa walimu wetu wapenzi: mutufungulie chumba cha ordinatere saa moja kila siku ya posho, maana wengi wanataka kujaribu na hawana mashini nyumbani. Na kwa wakubwa wa masomo, kwa heshima yote: tunajua masomo hayaendeshwi bila feza, na walimu wana watoto wao. Lakini mwaka unaokuja, siku ya mupiga foto isiwe siku ya kuwarudisha wenye deni. Deni linaweza kungoja mpaka kesho yake. Foto ya darasa, ikiisha kupigwa, hakuna programu inayoirudisha asubuhi ile.

Sisi wa kamati ya gazeti